Kerezo Letu na Mota ya Sevo

Hotuba iliyosomwa na Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, Kizimkazi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Umoja wetu

Ndugu Mwenyekiti,
Wageni wetu Waheshimiwa,
Wazee wetu wa Dimbani na wa Mkunguni,
Ndugu Wanachama, wake kwa waume,



Kabla ya neno lolote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii, Umoja wetu ukiwa mzima, vitabu vyake vya hesabu vikiwa safi, na wanachama wake wakiwa bado wanasemezana. Miaka kumi si mingi katika umri wa mtu, lakini katika umri wa chama ni mingi. Kwani viko vyama vilivyoanza kwa ngoma vikamalizika kwa kesi. Wetu, kwa fadhila zake Mola na kwa uvumilivu wenu, umesalimika.

Desturi ya siku kama hii ni kuhesabu yaliyotendwa. Hayo Ndugu Mwenyekiti amekwisha kuyaeleza, na Mtunza Hazina ameyatia katika tarakimu. Sisi wa Kamati tumetakiwa tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni lile mtakalolipigia kura baada ya sala ya adhuhuri: je, yafaa tutoe fedha katika mfuko wa akiba ili tutie mota ya sevo katika kerezo letu dogo la chuma? Tuliona katika vikao vya matawi kwamba wako wanaolitaka jambo hili pasi na kulijua, na wako wanaolikataa pasi na kulijua. Kura ya namna hiyo, hata ikipita, haina baraka. Basi twawaombeni masikio yenu kwa muda, tulieleze jambo lenyewe lilivyo, faida yake na hasara yake, kisha uamuzi uwe wenu.

Kila mashine ya kukatia chuma ina kitu kimoja kinachozunguka, na vingine vyote hukihudumia hicho. Katika kerezo, kinachozunguka hushika kazi inayokatwa. Katika mashine ya kutobolea, hushika chuma cha kutobolea. Sisi watu wa pwani tunalo jina la kitu hicho tangu zamani, nalo ni msukano. Wazee waliounda majahazi wanaijua keekee: ule mti wa duara unaotiwa chuma cha kutobolea ndio msukano, kishikio cha juu kinachokaa chini ya kiganja ndicho jivu, na kinachouzungusha ni uta, ambao kamba yake hupitishwa mara moja juu ya msukano, fundi akawa anavuta na kusukuma. Kwa chombo hicho zilitobolewa mbao za vyombo vilivyovuka bahari kwa kusi na kurudi kwa kaskazi.

Sasa mtazameni fundi huyo katika kazi yake. Ubao ukiwa laini aliuvuta uta kwa wepesi. Alipofika kwenye fundo la mti, mkono wake ulihisi kuwa msukano unapunguza mwendo, naye papo hapo aliongeza nguvu. Chuma kilipokaribia kutokea upande wa pili, alipunguza ili asiupasue ubao. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mkono ulitoa nguvu, na mkono huohuo ulileta habari. Akili ikalinganisha lililotakiwa na lililotokea, ikasahihisha. Tafadhalini yashikeni mambo hayo matatu: kutoa nguvu, kuleta habari, na kusahihisha. Tutakayoyasema leo kuhusu mota yamo humo.

Mota ya kawaida, ile inayozungusha kerezo letu hivi sasa, hutoa nguvu lakini haileti habari. Mwendo wake hautoki kwa fundi, watoka katika umeme wenyewe. Umeme wa nchi yetu hupiga mawimbi 50 kwa sekunde, na mota yenye ncha nne za sumaku ingezunguka kwa umeme huo mara 1,500 kwa dakika. Lakini kwa kuwa husalia nyuma kidogo inapobeba mzigo, huzunguka mara 1,400 na ushei. Haijui kama msukano umeshika shaba au stenlesi. Haijui kama kisu kimekwama. Fundi akitaka mwendo mwingine, huzima, hufungua kifuniko, huhamisha mkanda kutoka puli moja hadi nyingine, kisha hufunga na kuwasha tena. Mwendo mdogo kabisa tunaoupata kwa njia hiyo ni mizunguko 125 kwa dakika.

Mota ya sevo ni tafauti. Yenyewe ni vitu vitatu vinavyokwenda pamoja, na akosaye kimoja hana sevo. Cha kwanza ni mota, ambayo aghalabu huwa na sumaku za kudumu katika sehemu yake inayozunguka. Cha pili ni enkoda, chombo kidogo kilichofungwa mkiani mwa mota, ambacho kazi yake ni kusoma mota imefika wapi katika mzunguko wake. Ziko enkoda za kawaida siku hizi zinazougawa mzunguko mmoja katika sehemu 131,072. Cha tatu ni kiendeshi, yaani kisanduku kinachopokea amri ya fundi, kikapokea habari ya enkoda, kikalinganisha hizo mbili, kisha kikaongeza au kupunguza umeme unaokwenda katika mota. Hufanya hivyo maelfu ya mara katika sekunde moja. Basi mnaona, Ndugu Wanachama, kwamba mtambo huu umerudi kwa yule fundi wa keekee: nguvu yatoka, habari yarudi, kosa lasahihishwa.

Wala jambo hili halikuzaliwa katika kiwanda, lilizaliwa katika meli. Meli za mvuke zilipokuwa kubwa, usukani wake ulikuwa mzito kupita nguvu za wanadamu. Katika miaka ya 1860 meli ya Great Eastern, ambayo wakati ule ilikuwa kubwa kuliko zote, ilitiwa mtambo wa mvuke wa kugeuza usukani uliobuniwa na John McFarlane Gray. Mwana-maji aligeuza gurudumu dogo, na mtambo ukausukuma usukani mpaka ulipolingana na gurudumu, kisha ukasimama wenyewe. Mfaransa Joseph Farcot, aliyeifanya kazi kama hiyo nchini kwao, ndiye aliyeupa mtambo wa aina hii jina la sevo katika kitabu chake cha mwaka 1873. Neno hilo asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtumwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, soko la watumwa la mjini Unguja lilifungwa kwa mkataba. Twaona ni haki kusema hapa kwamba mtumwa wa chuma ndiye pekee anayefaa kuwapo.

Katika mashine za kukatia chuma, sevo zilianza kwa kusogeza visu na meza, wala si kwa kuzungusha msukano. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT huko Marekani, ilionyeshwa mashine ya kwanza iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi, kazi iliyotokana na fikra za John Parsons. Msukano wenyewe uliachiwa mota za kawaida kwa muda mrefu, kwa sababu kuzungusha kwataka nguvu nyingi, na sevo za nguvu nyingi zilikuwa ghali na kubwa. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya 1980, zilipopatikana sumaku za neodimiamu huko Japani na Marekani, sumaku ndogo zenye nguvu kubwa sana. Hata hivyo, hadi leo katika mashine kubwa za viwandani msukano mara nyingi huzungushwa na mota isiyo na sumaku za kudumu, lakini iliyotiwa enkoda na kiendeshi. Yaani hata mataifa yenye mali hayakuikubali sevo kila mahali, yaliipima kwanza. Nasi yatupasa kupima.

Basi tupime kwa kazi zetu wenyewe. Karakana yetu haiundi bidhaa elfu moja zinazofanana. Hutengeneza kimoja kimoja: bushi ya injini ya boti ya pomboo, shafti ya mashua yenye injini ya ndani, puli ya mashine ya akina mama ya kusagia mwani, flanji ya pampu ya kisima. Leo kazi ni nyembamba kama kidole, kesho ni pana kama sahani.

Kanuni ya mafundi ni kwamba kisu hutaka mwendo wa uso wa kazi, wala hakijali idadi ya mizunguko. Tuchukue chuma laini, ambacho kisu cha kawaida hukikata vizuri uso wake unapopita mita 30 kwa dakika. Shafti ya milimita 25 itataka mizunguko 380 hivi kwa dakika. Lakini flanji ya milimita 200, kwa mwendo uleule wa uso, yataka mizunguko 48 tu. Kerezo letu haliwezi kushuka chini ya 125. Ndiyo maana flanji zetu hupiga kelele, visu huungua, na uso hutoka na mawimbi kama mchanga wa pwani maji yakipwa. Sevo itazunguka mara 48 bila kutetereka, na kisu kinapoelekea katikati, ambako duara ni dogo, fundi ataongeza mwendo kidogo kidogo kwa kuzungusha kitufe, pasi na kuzima wala kugusa mkanda.

Mfano wa pili ni hesi. Mwisho wa shafti ya rafadha hukatwa hesi ya kushika noti. Chukueni hesi ya hatua ya milimita 2. Msukano ukizunguka mara 125 kwa dakika, kisu husogea zaidi ya milimita 4 kila sekunde kuelekea kwenye bega la shafti. Fundi akichelewa nusu sekunde kukitoa, kisu kimepita milimita 2 na kazi imeharibika. Mwendo ukiwa mizunguko 30, kisu husogea milimita 1 kwa sekunde, na nusu sekunde ni nusu milimita. Tena mota ya kawaida ikizimwa huendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki, ilhali sevo husimama pale ilipoamriwa, ikarudi nyuma kwa amri, ikaanza tena.

Wanachama wengi wanakumbuka boti ya mwenzetu mmoja iliyovunjika hesi ya shafti katika msimu wa kusi. Kazi hiyo haikuweza kufanywa hapa. Shafti ilipelekwa mjini, ikakuta foleni, na chombo kikakaa juu ya mchanga siku tisa. Siku tisa hizo hakuathirika mwenye chombo peke yake: mabaharia wanne hawakupata fungu lao, na watoto wao walikula kwa mkopo wa dukani. Hii ndiyo hasara inayotufanya tuseme habari ya mota mbele ya watu wazima walioacha kazi zao.

Sasa tusikilizane vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea. Vijana wetu wametuonyesha matangazo ya mota za sevo, nao wamesema: mota yetu ya sasa ni ya wati 750, tununue sevo ya wati 750, tuifunge moja kwa moja kwenye msukano, tutupe mapuli yote. Ndugu zetu, wati peke yake haisemi ukweli wote. Uwezo wa kazi ni nguvu ya msokoto ikizidishwa kwa mwendo. Mota yetu hutoa wati 750 kwa mizunguko 1,400. Kwa hiyo msokoto wake ni nyutonimita 5 hivi. Sevo ya kawaida ya ukubwa huo hutoa wati 750 kwa mizunguko 3,000. Msokoto wake ni nyutonimita 2.4 tu. Na sevo inapopunguza mwendo, msokoto wake haupungui, lakini pia hauongezeki: kwa mizunguko 300 itakuwa na nyutonimita 2.4 zilezile, na uwezo wake wa kazi utakuwa wati 75.

Ifungeni moja kwa moja kwenye msukano, kisha iwekeni flanji ya milimita 200. Nguvu itakayobaki kwenye ukingo ni sawa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Kisu kikigusa tu, mashine itasimama, na kiendeshi kitawasha taa nyekundu. Lakini mkiacha puli zinazopunguza mwendo mara sita, msokoto utakuwa nyutonimita 14, na kwa muda mfupi sevo iliyo nzuri huweza kutoa hadi mara tatu ya hapo. Kwa hiyo rai ya Kamati ni kwamba puli na mikanda ibaki. Sevo itatupa mwendo wa polepole, kusimama na kurejea. Puli itatupa nguvu. Kimoja hakimfukuzi mwenziwe.

Wako waliouliza kwa nini tusinunue kile kifaa cha bei nafuu kinachobadili mawimbi ya umeme, tukaiacha mota ya zamani mahali pake. Hili ni swali la haki. Kifaa hicho hupunguza mwendo wa mota ya fezi tatu kwa kupunguza mawimbi, na kwa kerezo letu kubwa, linalofanya kazi nzito kwa mwendo wa kadiri, ndicho tutakachopendekeza siku za mbele. Lakini mota ya kawaida hupozwa na feni iliyo juu ya mhimili wake wenyewe. Ikizunguka polepole, feni nayo huwa mvivu, na mota huungua kwa joto. Kwa mizunguko michache na kazi ndefu, sevo yashinda.

Wengine wametukumbusha mota za sevo za vyerehani, ambazo mafundi cherehani wa mjini wamezitia badala ya zile za zamani zilizokuwa zikizunguka mchana kutwa hata fundi asiposhona. Mota hizo ni nafuu, nazo hula umeme pale tu fundi anapokanyaga. Lakini nyingi hazina enkoda kamili, zina vihisio vichache vya sumaku tu, na nguvu iliyoandikwa juu yake mara nyingine ni ya kuombea mauzo. Kwa kerezo la mbao, la kukerezea miguu ya vitanda na vijiti vya roshani, zinafaa. Kwa hesi ya shafti ya chombo kinachobeba roho za watu, hatuzipendekezi.

Tumekwisha kutaja faida; haki yataka tutaje na hasara.

Hasara ya kwanza ni umeme. Kisiwa chetu hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa gizani karibu miezi mitatu ulipoharibika, na kila mwenye karakana anakumbuka. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ni bora sana kuliko ile. Hata hivyo, sisi tuko mwisho wa njia, na mwisho wa njia umeme huyumba. Kiendeshi cha sevo kikiona umeme umeshuka mno hujizima ili kujilinda. Na msukano ukisimama kisu kikiwa ndani ya kazi, ncha ya kisu huvunjika. Kwa hiyo yapasa kuwe na kifaa cha kutuliza umeme na cha kuzuia mshtuko wa radi. Tena ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, haipitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya ardhini huenda isitoshe, na lazima ipimwe na fundi wa umeme kabla ya kitu chochote kuwashwa.

Hasara ya pili ni chumvi. Upepo unaotupatia samaki ndio unaokula vyuma vyetu. Kiendeshi kina vidude vidogo visivyopenda unyevu wa bahari wala vumbi la chuma, kwani vumbi la chuma hupitisha umeme. Lazima kikae ndani ya sanduku lililofungwa vizuri, mbali na kerezo, na njia ya hewa yake iwe na kichujio kitakachosafishwa kila wiki.

Hasara ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni matengenezo. Mota yetu ya zamani ikiungua, wako mafundi wa kusuka mota mjini watakaoisuka upya, nayo ikarudi kazini. Sevo haiko hivyo. Ukiifungua ovyo, enkoda huachana na mahali pake, na mota haijui tena ilipo. Sumaku zake zikipata joto kupita kiasi hupungukiwa nguvu, wala hazirudi. Kiendeshi kikifa, mara nyingi hubadilishwa kizima. Mashine ambayo hakuna mtu kisiwani awezaye kuitengeneza si mali, ni deni.

Iko pia hatari inayohusu uhai. Katika kerezo letu dogo, kile kishikio chenye meno matatu kimefungwa kwenye msukano kwa hesi. Msukano ukirudishwa nyuma kwa nguvu, au ukisimamishwa ghafla, kishikio hicho kitafunguka chenyewe na kuruka kikiwa na kazi ndani yake. Mota ya kawaida haikuwa na uwezo wa kufanya hivyo kwa urahisi, sevo inao. Kwa hiyo kishikio kitiwe kabari ya kukizuia kabla ya mota kufungwa, na kiendeshi kipangwe kisimamishe kwa upole. Kitufe chekundu cha dharura kiwe mahali ambapo mkono wa kushoto utakifikia. Na kiendeshi hata kikishazimwa hubaki na umeme ndani yake kwa dakika kadhaa; asikifungue mtu kabla ya muda huo.

Baada ya kuyapima hayo yote, Ndugu Mwenyekiti, Kamati yaleta mapendekezo matano.

Kwanza, kabla ya kununua chochote, vijana wawili wa Umoja, mmoja wa Dimbani na mmoja wa Mkunguni, wapelekwe kujifunza umeme wa viwandani na matumizi ya viendeshi, ama kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali au katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni. Watie saini ya kuitumikia karakana kwa miaka miwili. Wasiporudi na ujuzi, mota isinunuliwe.

Pili, sevo itiwe katika kerezo dogo peke yake, na puli zake zibaki.

Tatu, zinunuliwe pamoja mota na viendeshi viwili, kimoja kikae akiba. Bei yake itaongezeka, lakini chombo hakisafiri na tanga moja.

Nne, mota ya zamani isiuzwe. Ipakwe mafuta, iwekwe rafuni pamoja na bolti zake na mkanda wake, ili sevo ikishindwa asubuhi, kerezo liwe limerejea kazini jioni.

Tano, kiwekwe daftari karibu na kerezo. Kila kazi iandikwe: ya nani, ya chuma gani, imechukua saa ngapi, imeharibika au imefaulu. Baada ya mwaka mmoja daftari lisomwe mbele ya mkutano kama huu, nanyi mwamue kama sevo imelipa au imekula.

Mtaona kwamba pendekezo hili la tano ndilo linalofanana zaidi na mota yenyewe. Chama kinachotoa fedha bila kuletewa habari ni kama mota ya kawaida: huzunguka tu, hata kisu kikivunjika. Tumefika miaka kumi kwa kuwa kila mwezi vitabu vilisomwa, na palipoonekana kosa palisahihishwa kabla halijawa kubwa.

Sasa lazima tuseme lile zito. Fedha za kazi hii zikitolewa, mikopo ya nyavu itapungua kwa msimu mmoja, na kikundi cha akina mama wa mwani kitangoja zaidi kupata mashine yao ya pili. Hatutaki mtu atoke hapa akisema hakuambiwa. Mvuvi asiyepata wavu msimu huu atalipa gharama ya shafti ambayo pengine si yake. Anayesema hapana kwa sababu hiyo si adui wa maendeleo. Anatetea chungu chake, na hiyo ni haki yake katika ushirika. Lakini nasi twamwomba ahesabu zile siku tisa, awahesabu wale mabaharia wanne, kisha ajiulize ni vyombo vingapi hukaa mchangani kila msimu kwa ajili ya hesi ya urefu wa vidole viwili. Akiisha kuhesabu, apige kura kama moyo wake unavyomwelekeza. Kamati itaitii kura hiyo, iwe ndiyo au hapana.

Kwa vijana wetu waliotaka tununue mashine nzima ya kuongozwa na kompyuta, twasema: hamkukosea kutamani. Lakini mashine hiyo ni ya mtu anayetengeneza vitu vingi vya namna moja, na soko hilo bado hatunalo. Jifunzeni kwanza mota moja mpaka muijue kama mjuavyo miamba ya Menai. Atakayeweza kuitengeneza sevo moja iliyoharibika, huyo ndiye tutakayemsikiliza atakapotuletea habari ya mashine kubwa.

Na kwa wazee wetu waliosema kwamba keekee na uta viliwatosha, twasema kwa heshima: mlisema kweli, navyo ndivyo vilivyotufundisha. Wahenga walinena, mtaka unda haneni. Sisi tumenena sana leo, kwa kuwa fedha ni za wengi, na cha wengi hakiundwi kwa siri.

Karatasi za kura ziko mezani kwa Mtunza Hazina. Kila mwanachama ana moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja.

Mwenyezi Mungu aujaalie Umoja wetu kheri na umri mrefu.